Filta ya Shilingi 25,000

Maelezo ya Kamati ya Fedha kwenye mkutano wa mwaka wa wanachama waishio Dar es Salaam



Kamati ya Fedha tumepewa dakika ishirini. Kwa kawaida dakika hizo tunazitumia kusoma mapato na matumizi, mnatupigia makofi, kisha tunakwenda kula. Mwaka huu taarifa ya mapato na matumizi imechapishwa kwenye kurasa za nyuma za kijitabu, imekaguliwa, na kila mtu ataisoma kwa nafasi yake. Sisi tumeomba tuseme juu ya mstari mmoja tu wa taarifa ile. Ni ule wenye shilingi 6,400,000, ulioandikwa "matengenezo ya injini, gari la wagonjwa". Wengi wenu mmetupigia simu kuuliza. Wengine mmeuliza kwa ukali, na mlikuwa na haki. Jibu lake ni refu kidogo, na halitupendezi sisi wenyewe, kwa sababu linaanzia mezani kwetu.

Mwezi Julai mwaka jana gari letu lilimchukua mzee mmoja wa nyumbani aliyevunjika nyonga. Alikuwa amepewa rufaa kwenda hospitali ya kanda, Mbeya. Mnaijua safari hiyo. Unatoka Mpanda, unapita Sitalike, unavuka hifadhi, unapanda Lyamba lya Mfipa, halafu unakuwa juu kwenye uwanda wa Ufipa mpaka Sumbawanga, ndipo uendelee Laela, Tunduma na Mbeya. Mpanda tuko karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Sumbawanga ni karibu mita 1,800. Mtu anayetoka kwetu na shati la mikono mifupi mwezi wa saba akashuka Sumbawanga usiku, anatafuta blanketi kabla ya chakula. Alfajiri joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10.

Walifika Sumbawanga usiku. Mzee alikuwa na maumivu makali, muuguzi akashauri walale hapo. Gari lililala nje. Saa kumi na moja alfajiri dereva akaliwasha. Liliguna, likawaka kwa shida. Akatazama mshale wa presha ya oili akauona umesimama juu kabisa, akaona mambo salama. Muuguzi alikuwa anahimiza waondoke ili wawahi daktari. Dereva akakanyaga mafuta, wakaondoka.

Hawakufika Laela. Injini ilianza kugonga kama mtu anayepiga sufuria kwa mwiko, taa nyekundu ikawaka, na dereva akazima pale pale barabarani, jambo ambalo kwa kweli lilituokolea kilichobaki. Mzee alikaa kando ya barabara saa tano, amefunikwa mablanketi mawili, mpaka likapatikana gari jingine. Alifika Mbeya usiku, akafanyiwa upasuaji siku zilizofuata, na leo anatembea na fimbo. Ametutumia salamu kupitia mjukuu wake aliyeko hapa ukumbini. Hakututumia lawama, lakini mjukuu anasema kila akisikia jina la chama chetu huwa anasema kwanza, "wale wa mablanketi".

Sasa tunakuja kwenye sehemu yetu. Tulipopata habari tulifanya kama wanavyofanya wenye vyeo: tulitafuta wa kumlaumu. Tulimwandikia dereva barua ya kumsimamisha kazi kwa uzembe. Tuliandika kwamba "hakufuatilia hali ya oili". Kijana akaipokea barua, akaisaini, akakaa nyumbani kwake wiki sita bila mshahara na bila kujibu neno.

Mwezi Septemba tulikuwa tunaandaa vitabu kwa ajili ya mkaguzi. Katika faili la hati za malipo za mwezi Mei tukakuta karatasi ya daftari, imeandikwa kwa mkono, maombi ya sevisi ya gari la wagonjwa. Oili ya 15W-40, lita kumi, shilingi 120,000. Filta ya oili mpya, 25,000. Fundi, 20,000. Jumla 165,000. Chini dereva aliongeza sentensi moja: "Filta iliyopo imeshaoshwa mara mbili na baridi inakuja." Juu yake kulikuwa na mwandiko wetu wa kalamu nyekundu. Oili: "inunuliwe ya bei nafuu, 90,000." Fundi: "sawa." Filta: "ipo, isafishwe." Na saini zetu.

Tuliidhinisha 110,000, tukaokoa 55,000. Ukigawanya hesabu, kila shilingi moja tuliyoiokoa siku ile ilirudi ikiwa imebeba shilingi 116 za hasara, na bado hatujahesabu gari la kukodi wala mshahara wa wiki sita ambao tumemrudishia kijana kwa barua ya kuomba radhi. Barua hiyo ilisomwa mbele ya kamati ya kijiji, kwa sababu ile ya kwanza nayo ilisomwa mbele yao.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa vitabu vya hesabu, si mafundi. Lakini baada ya aibu hiyo tulikwenda gereji wakati injini inafunguliwa, tukakaa pale siku mbili tukiuliza maswali ya kitoto, na tunataka tuwaeleze tulichojifunza. Kinahusu gari la chama, trekta letu, na magari yenu mliyoyaegesha hapo nje.

Kila aliyewahi kuchuja asali atatuelewa upesi, na Inyonga hakuna asiyejua asali. Mchana jua likiwa kali unamimina asali kwenye kitambaa, inapita yenyewe, masega na miguu ya nyuki inabaki juu. Jaribu kazi hiyo hiyo asubuhi ya Juni. Asali inakaa juu ya kitambaa, kitambaa kinafanya tumbo. Ukikosa subira ukaikamua, ama inamwagika pembeni bila kuchujwa, ama kitambaa kinachanika na uchafu wote unaingia kwenye ndoo. Ndani ya injini yetu yalitokea yote mawili.

Oili ni nzito ikiwa baridi. Ile ya kawaida ya dizeli, 15W-40, ikiwa na joto la nyuzi 40 tu ni nzito karibu mara saba kuliko ikifika nyuzi 100, ambalo ni joto lake la kazini. Kwenye nyuzi 10 uzito unazidi mno. Pampu inaisukuma oili hiyo kupita kwenye karatasi ya filta yenye vitundu vidogo kuliko unywele. Watengenezaji wa injini walilijua tatizo hili tangu zamani, wakaweka kimlango chenye springi. Oili ikishindwa kupita kwenye karatasi kwa sababu ni nzito au kwa sababu karatasi imeziba, kimlango kinafunguka na oili inakwenda kwenye beringi bila kuchujwa. Hesabu yao ni kwamba oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa, nasi hatubishani nao. Filta ikiwa mpya na oili ikiwa sahihi, kimlango kinafunguka muda mfupi wa asubuhi kisha kinafunga. Filta ikiwa imeziba, kinabaki wazi asubuhi nzima, na masizi ya dizeli na vumbi letu jekundu vinapita moja kwa moja kwenda kusaga vyuma.

Ile namba ya kwanza kwenye oili, yenye herufi W, ndiyo inayosema oili itatiririka vipi wakati wa baridi. W ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Oili ya bei nafuu tuliyoamuru inunuliwe ilikuwa namba 40 peke yake, haina W. Muuza duka alimwambia dereva kwamba nzito ndiyo nzuri kwa nchi ya joto. Kwa Karema mchana labda. Kwa gari linalolala Sumbawanga mwezi Julai, tulilinunulia asali ya asubuhi.

Na filta yenyewe? Ni ile ya karatasi inayochomolewa ndani ya kikombe chake. Tulikuwa tumeagiza isafishwe, ikasafishwa, kwa petroli, kwa mara ya tatu. Fundi alituonyesha. Petroli inaondoa uchafu wa juu tu, ule ulioingia ndani ya karatasi unabaki, na gundi inayoshika mikunjo inalegea. Pampu ilipoisukuma oili nzito asubuhi ile, karatasi ilichanika upande mmoja. Vipande vyake tulivikuta kwenye njia ya oili inayokwenda kwenye krankishafti, vimejikunja kama majani ya chai. Beringi mbili zilikuwa zimekwisha hadi kwenye shaba. Nafasi iliyopo kati ya krankishafti na beringi hupimwa kwa sehemu za mia za milimita, na ndani ya nafasi hiyo ndimo zilimopita karatasi yetu na kalamu yetu nyekundu.

Tukamwuliza fundi, mbona mshale ulikuwa juu? Swali hili ndilo lililotuliza juu ya kijana, kwa hiyo tunalieleza vizuri. Oili ikiwa nzito, presha karibu na pampu inakuwa kubwa kwa sababu oili haipiti. Ni kama foleni ya magari: watu wamejaa barabarani lakini hakuna anayefika. Mshale unaonyesha msukumo, hauonyeshi kama oili imefika kwenye beringi ya mwisho. Dereva alitazama kifaa alichofundishwa kutazama. Tangu hapo tumeandika kwenye dashibodi kwa rangi nyeupe: "Baridi: dakika moja, kisha pole pole." Wala asiache injini ikiunguruma nusu saa kama wengine wanavyofanya ili ipate moto. Dizeli ikiunguruma muda mrefu ikiwa baridi inaunguza vibaya, masizi yanaongezeka na mafuta mengine yanateremka kwenye oili. Washa, subiri dakika moja, ondoka taratibu, usikanyage mpaka mshale wa joto uinuke. Kule Kanada magari huchomekwa kwenye umeme usiku ili injini isigande. Baridi yetu haijafika huko. Oili sahihi na filta mpya zinaitosha.

Kuna jambo la kalenda ambalo sisi kama wahasibu tulipaswa kuliona mapema. Kwetu miezi ya baridi ndiyo miezi ya kiangazi, na ndiyo miezi ya mavuno. Mwezi Juni mpaka Agosti vumbi liko juu, mahindi yanatoka shambani, mpunga wa Mpimbwe unasafirishwa, barabara zinapitika na hivyo wagonjwa wanaletwa kutoka mbali. Mashine zinafanya kazi kuliko wakati wowote, zinavuta vumbi kuliko wakati wowote, na zinawashwa zikiwa baridi kuliko wakati wowote. Halafu sisi mwaka wetu wa fedha unaisha Juni, na kila mwaka mwezi Mei tunakata matumizi ili vitabu vifunge vizuri. Tukaangalia nyuma miaka minne. Kila Mei maombi ya sevisi yalipunguzwa. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini ndivyo ilivyo.

Trekta tutalisema kwa ufupi, ingawa nalo lilikuwa njiani kwenda huko huko. Wengi mnadhani trekta lina oili ya injini tu. Trekta letu, kama matrekta mengi, giaboksi, difu na haidroliki vinatumia oili moja, lita arobaini na zaidi, na ndani yake kuna filta ambayo pampu ya haidroliki inavutia kupitia hapo. Zingatieni neno hilo, inavuta. Pampu ya injini inasukuma oili kwenye filta, hii inanyonya kupitia filta, na kunyonya kitu kizito ni kazi ngumu zaidi. Mpe mtoto mrija wa soda anywee uji. Mwezi Juni dereva wa trekta alikuwa akituambia kwamba asubuhi tela la kubinua linapanda kwa kusitasita na pampu inalia kama mbwa mdogo, mchana inanyamaza. Tulimjibu kwamba kama mchana inanyamaza basi ni nzima. Baada ya yaliyotokea Laela tulimwomba radhi naye na tukamtuma fundi. Filta ilikuwa haijabadilishwa tangu trekta linunuliwe. Oili ilikuwa na rangi ya maziwa ya chai, maana maji yalikuwa yameingia. Pampu ikinyonya hewa badala ya oili inajila yenyewe, na chembe zake zinakwenda kwenye gia. Hapo tuliwahi. Ilitugharimu oili na filta, basi.

Fundi yule ana tabia moja tunayoipenda. Filta ya bati akishaitoa, hutupi mpaka aikate na kuikunjua karatasi juani. Ikimetameta kama mchanga wa mtoni, kuna chuma kinachosagika mahali. Ikiwa nyeusi tu, ni masizi, endelea. Mmoja wetu alijaribu kukata kwa msumeno akaona mng'aro mwingi, akapiga simu kwa Mwenyekiti usiku. Kumbe ni chembe za msumeno wenyewe. Fundi anatumia kisu cha kukatia mabomba, kile cha kuzungusha.

Na ninyi mnaorudi nyumbani mwezi Juni na Desemba na magari ya otomatiki, hapa tunachomekea tu kwa kuwa maswali yalikuwa mengi kwenye kikao cha maandalizi. Wanaopitia Iringa wanalala Mafinga au Makambako, na wanajua baridi ya kule. Giaboksi ya otomatiki nayo ina oili yake na, kwa magari mengi, filta yake ndani ya sampu. Wengi tumeambiwa na wauzaji kwamba oili hiyo ni ya maisha. Maisha ya nani, hawasemi. Asubuhi ya baridi gari likichelewa kuingiza gia, usilikanyage kwa hasira. Liache dakika moja, endesha kilomita za kwanza kwa upole. Likiendelea kuchelewa hata likishapata moto, oili imechakaa au filta imeziba, mpelekee fundi anayejua, na awekewe oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo, siyo yoyote yenye rangi nyekundu. Mwenzetu mmoja aliongeza oili ya injini mle, akafika Tabora kwa gari la kuvuta. Hatumtaji, anacheka hapo nyuma.

Sasa fedha. Hizo 6,400,000 zilitoka wapi? Hazikuwa kwenye bajeti. Tulizitoa kwenye fungu la bati za jengo la wazazi pale zahanati. Kamati Tendaji iliidhinisha, kwa sababu kijiji bila gari la wagonjwa ni hatari zaidi kuliko jengo bila paa. Lakini matokeo yake mnayaona kwenye picha ya ukurasa wa nne: kuta zimesimama, kenchi ziko juu, hakuna bati. Mvua zinaanza Novemba. Wanawake bado wanajifungulia kwenye chumba cha zamani chenye vitanda viwili. Mbao za kenchi tulizipakwa oili chafu ya lile trekta ili mchwa wasizile, na hiyo ndiyo faida pekee ya oili ile tunayoweza kuionyesha kwenye vitabu.

Kwenye ajenda ya leo kuna pendekezo la kununua gari la pili. Tumeliona, tumeona na picha zake nzuri, na tunajua waliolileta wanaipenda nyumbani. Kamati ya Fedha tunaomba lisubiri. Tumefanya hesabu ya mwaka mmoja kwa mashine mbili tulizonazo. Gari la wagonjwa linatembea karibu kilomita 30,000 kwa mwaka, sevisi kila kilomita 5,000, yaani mara sita kwa 165,000: shilingi 990,000. Injini ya trekta sevisi tatu za 140,000: shilingi 420,000. Oili ya giaboksi na haidroliki ya trekta, mara moja, pamoja na filta: 620,000. Filta za hewa za mashine zote mbili, kwa ajili ya vumbi: 180,000. Jumla shilingi 2,210,000 kwa mwaka. Hiyo ni chini ya theluthi mbili ya bei ya krankishafti na kazi yake tuliyolipa, na hatujataja beringi, pampu na usafiri.

Tunaomba leo zichangwe za miaka miwili, yaani shilingi 4,420,000, ziwekwe kwenye akaunti ya peke yake. Fungu hilo lisikatwe mwezi Mei wala mwezi mwingine wowote, na Kamati ya Fedha tusiwe na kalamu juu yake. Dereva na mganga wa zahanati ndio wasaini, sisi tukague baadaye. Tunajua ni jambo la ajabu wahasibu kuomba wanyang'anywe mamlaka ya kuidhinisha matumizi. Tumelijadili vikao vitatu, na mmoja wetu bado hakubali, anasema ni kulea uzembe. Tumemwachia maoni yake na yameandikwa kwenye muhtasari. Sisi wengine tunaona kwamba anayeisikia injini ikiguna alfajiri anajua kuliko anayeisoma kwenye karatasi ofisini Kariakoo.

Filta za mwaka mzima zitanunuliwa kwa pamoja hapa mjini, kwenye duka ambalo fundi wetu amelikubali, na zitahifadhiwa kwenye kabati la zahanati pamoja na daftari. Kila ikitolewa moja, ya zamani inarudi, inakatwa, na inaandikwa ilikuwa na nini ndani. Kilomita, tarehe, jina la oili, na kama asubuhi hiyo ilikuwa baridi. Dereva ameshaanza daftari lake mwenyewe tangu aliporudi kazini. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wetu.

Na bati. Mahitaji ya bati yamo ukurasa wa tano, idadi na geji. Tunaomba mchango wa leo utangulie huko, kwa sababu ya mvua, na mfuko wa oili na filta ufuate. Ndugu Mwenyekiti ataongoza uchangiaji baada yetu. Fomu za ahadi ziko kwenye meza ya mlangoni, safu ya kwanza ni ya bati, ya pili ni ya mfuko. Mwenye duka la spea anayependa kuleta filta zenyewe badala ya fedha, namba zake tumezibandika ukutani kando ya meza ya chakula. Tafadhali zije zikiwa kwenye maboksi yake.